Kisu cha Mkandani chenye Mpini wa Pembe ya Reinidia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unahusu kisu kidogo cha kazi ambacho watu wa Ufini hukiita puukko, pamoja na visu vya jamii hiyo vinavyotengenezwa na Wasami, wenyeji wa kaskazini mwa Norwe, Uswidi, Ufini na rasi ya Kola nchini Urusi. Huvaliwa mkandani ndani ya ala ya ngozi, na mwenyewe hukitumia kuchonga, kuchuna, kukata kamba na kupaa samaki. Maswali yanafuata mpangilio wa kazi. Pale ambapo visu vingi huharibikia nimekaa sana, kwingine nimepita haraka.

Kisu hiki kina tofauti gani na visu tulivyovizoea?

Bapa lake ni fupi, kwa kawaida sentimita 8 hadi 11, na mara nyingi halizidi urefu wa mpini. Mgongo umenyooka, makali yako upande mmoja, na hakuna kizuizi kati ya bapa na mpini cha kukinga vidole. Wengi hushangaa kwa nini kizuizi hakipo. Sababu ni kwamba kisu hiki ni cha kuchonga. Fundi husogeza kidole gumba hadi kwenye mgongo wa bapa na kuyashika makali karibu kabisa na kiganja, na kizuizi kingekuwa kikwazo tu. Sime ya Wamaasai nayo huvaliwa mkandani kwenye ala ya ngozi, lakini ile ni ndefu, ina makali pande mbili, na nguvu yake hutoka begani. Kisu hiki nguvu yake iko kwenye vidole.

Wasami wana pia kisu kikubwa, stuorraniibi, ambacho bapa lake hufika sentimita 20 na kuzidi. Hicho hukata matawi na kupasua kuni. Mtu anaweza kuvaa vyote viwili mkanda mmoja, kila kimoja na kazi yake.

Kwa upande wa Wafini, mji wenye jina kubwa ni Kauhava, jimbo la Ostrobothnia Kusini, ambako karakana ya Iisakki Järvenpää ilianza mwaka 1879. Visu vya huko vyenye mpini unaoishia kwa kichwa cha farasi vinajulikana Ufini nzima.

Pembe ya reinidia ni sawa na pembe ya ng'ombe?

Hapana, na ukizichanganya utaharibu kazi. Reinidia ni mnyama wa jamii ya kulungu anayeishi nchi za baridi kali. Pembe zake ni mfupa mtupu. Huota kila mwaka zikiwa zimefunikwa na ngozi laini yenye damu, ngozi hiyo hukauka na kubanduka, na baadaye pembe zenyewe huanguka. Madume wakubwa huziangusha mwanzoni mwa majira ya baridi baada ya msimu wa kupandana, majike huzibakiza hadi karibu na kuzaa wakati wa machipuko. Ndiyo, majike nao wana pembe. Katika jamii yote ya kulungu hili ni la reinidia peke yake.

Pembe ya ng'ombe, mbuzi au swala haianguki. Ni gamba la aina moja na kucha zetu, lililovikwa juu ya mfupa ulio hai. Ukilipasha moto hulainika na unaweza kulikunja. Pembe ya reinidia ukiipasha hivyo haikunjiki, huungua na kutoa harufu ya mfupa, kisha hukauka na kuwa kama chokaa. Gamba la ng'ombe hutanuka na kusinyaa kwa unyevu kuliko mfupa, kwa hiyo maungio yake yanahitaji nafasi ya kupumua.

Niko Afrika Mashariki. Pembe nitaipata wapi?

Kulungu wa pembe za kuanguka hawaishi porini huku kwetu, kwa hiyo pembe ya reinidia itabidi inunuliwe kutoka nje. Jambo la kwanza la kushika ni hili: usiguse pembe ya mnyamapori, hata uliyoiokota chini ya mti. Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inahesabu pembe ya swala, kuro au nyati kuwa nyara ya serikali, na kukutwa nayo bila kibali ni kosa. Kenya nako sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ni kali, na uwindaji ulikwishapigwa marufuku tangu 1977. Mpini wa kisu haufai kumfikisha mtu kizimbani. Na kuna historia ya kuhuzunisha hapa: mipini ya majambia ya Yemen iliyotengenezwa kwa pembe ya kifaru ilikuwa miongoni mwa sababu zilizowamaliza vifaru wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1970 na 1980.

Vinavyofaa na visivyo na tatizo ni mfupa mzito wa mguu wa ng'ombe au ngamia kutoka machinjioni, pembe ya ng'ombe, na mti wa mpingo. Mfupa wa ngamia ndio unaoikaribia pembe ya reinidia kwa namna unavyokatika na kung'ara. Karibu yote yaliyoelezwa hapa chini yanahusu mfupa huo pia.

Nikiwa Ulaya Kaskazini je, naweza kuokota pembe msituni?

Uliza kwanza. Reinidia wa Lapland, eneo la kaskazini kabisa mwa nchi hizo, wanachungwa, na karibu kila mmoja ana mwenyewe, aliyemtia alama kwa kumkata masikio. Njia ya heshima ni kununua kwa wafugaji. Wanauza kwa kilo au kwa kipande, na mfugaji atakuonyesha iliyo nzito na kukueleza ni ya dume au jike.

Nichague kipande cha namna gani?

Iangalie pale ilipokatwa. Nje kuna ukuta mgumu mweupe, na katikati kuna uboho mkavu wenye vitundu kama sponji, wa rangi ya kahawia iliyofifia. Unachotaka ni ukuta mnene na uboho mwembamba. Sehemu ya chini, karibu na pale pembe ilipoota kichwani, ndiyo nzito kuliko zote. Kadiri unavyopanda kuelekea matawi ukuta unapungua.

Kisha ishike. Pembe ina mpindo wake wa asili, na mpini mzuri hufuata mpindo huo badala ya kuukata. Zungusha kipande mkononi macho umefumba hadi kikae, halafu tia alama upande uliokuwa juu. Mimi naamini uamuzi huu wa dakika chache una uzito kuliko mapambo yote yatakayofuata. Kaka yangu mmoja anayetengeneza majembe Morogoro hufanya hivyohivyo na mti wa mpini, na hajawahi kuona puukko.

Pembe mbichi iache ikauke kivulini kwa miezi mingi, mwaka ukiweza. Iliyokaushwa kwa haraka hupasuka kwa urefu.

Bapa nifue mwenyewe au ninunue?

Ukiwa unaanza, nunua bapa tupu. Ufini na Uswidi yanauzwa yakiwa tayari yametiwa matiko, yaani yamegumishwa kwa moto, na hata mafundi hodari wa Kisami wengi hutumia bapa la mhunzi mwingine, kisha sanaa yao wakaiweka kwenye mpini na ala. Hakuna aibu yoyote.

Lakini kama una mhunzi jirani, springi bapa ya gari ni chuma kizuri. Ina kaboni ya kutosha, na wahunzi wetu wanaijua tangu zamani. Tupa kuukuu ni ngumu zaidi, na pia hukatika upesi zaidi ukikosea matiko. Epuka chuma kilichopakwa zinki, kwa maana moshi wake unaumiza mapafu.

Vipimo vya kuanzia: unene milimita 3 hadi 4, upana sentimita 2, urefu wa makali sentimita 9. Msuka, yaani ule mkia unaoingia kwenye mpini, uwe mrefu kiasi cha kupita mpini wote na kutokeza kidogo upande wa pili. Pale msuka unapokutana na bapa usiache kona kali ya digrii tisini. Piga tupa ya mviringo kona iwe na mzingo mdogo, kwa kuwa misuka mingi hukatikia hapo.

Matiko yanatiwaje?

Pasha bapa moto hadi sumaku isilishike tena, ongeza moto kidogo tu, halafu litumbukize kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa hadi yawe ya vuguvugu lililozidi, nyuzi 50 au 60. Ncha itangulie, moja kwa moja, bila kuyumbisha pembeni, maana ukiyumbisha bapa litapinda. Mafuta yawe kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko, kwani yanaweza kushika moto. Oili chafu ya injini usiitumie.

Pitisha tupa kwenye makali: ikiteleza bila kuuma, bapa limekuwa gumu. Sasa ni gumu kupita kiasi na likianguka sakafuni litavunjika, kwa hiyo lisugue ling'ae na uliweke kwenye oveni nyuzi 200 kwa saa moja, lipoe, urudie mara ya pili. Rangi ya uso wake itakuwa manjano ya majani makavu. Makali yakifika buluu umevuka, anza upya. Msuka wenyewe ubaki laini, kwa sababu utagongwa mwishoni.

Tundu la msuka linatobolewaje bila kupasua pembe?

Hapa ndipo kisu kinapokuwa kisu au kinapokuwa pambo la ukutani. Mpini unaocheza hauchezi siku ya kwanza. Utaanza kucheza baada ya mwezi wa kazi, maji yataingia, msuka utashika kutu ndani, na siku moja bapa litabaki kwenye kuni.

Kata ncha mbili za kipande cha pembe ziwe bapa na zitazamane sawasawa. Chora mstari katikati ya uso wa mbele, urefu sawa na upana wa msuka. Funga pembe kwenye jiliwa, vipande viwili vya mbao vikiwa kati yake na meno ya chuma. Toboa matundu matatu madogo yaliyopangana juu ya mstari ule, kwa keekee ya mwendo wa polepole. Uboho unaivuta keekee kwenda upande ulio laini, kwa hiyo toa ncha mara kwa mara na uangalie inaelekea wapi. Pembe ikiwa imepinda sana, toboa kutoka pande zote mbili matundu yakutane.

Kuunganisha matundu, vunja kipande cha bapa la msumeno wa chuma, ukisage kiwe chembamba, na meno yake yatafanya kazi ya tupa ndani ya tundu. Sasa shikilia msuka juu ya mshumaa mpaka uwe mweusi kwa masizi. Uingize taratibu, uutoe, chungulia ndani. Pale penye doa jeusi ndipo msuka unapogusa. Kwangua doa hilo tu, si pembeni yake. Paka masizi tena, ingiza, toa, kwangua. Kila mara msuka utaingia milimita chache zaidi. Usigonge kwa nyundo kwa kukosa subira: pembe haitoi onyo, hulia mara moja na ufa umeshapita. Unapofika mahali msuka unaingia kwa kusukumwa na kiganja, na kusimama sentimita moja kabla ya mwisho, umefanya vizuri. Hiyo sentimita itamalizika siku ya gundi.

Wapo wanaopasha msuka uwe mwekundu na kuuchoma ndani. Kwenye mti inakubalika. Kwenye pembe naikataa kabisa, kwa kuwa kuta za tundu huungua, hubaki unga, na gundi haina cha kushika.

Kati ya bapa na pembe kuna kibamba cha shaba. Ni lazima?

Si lazima, ila ninakishauri. Shaba ya njano ya milimita 3 huziba mdomo wa tundu na kuzuia maji. Itoboe na kuipiga tupa hadi ifike kwenye bapa kwa kubana. Iinue kuelekea dirishani: ukiona mwanga kati ya shaba na chuma, bado. Baina ya shaba na pembe weka vipande vyembamba vya ngozi au gome la betula, ule mti wa kaskazini wenye gome jeupe. Gome lile lina mafuta, halinywi maji, na linabonyea pale pembe inapotanuka au kusinyaa. Mafundi wengi hupanga pembe mbele, mti katikati na pembe tena nyuma, kila kiungo kikitenganishwa na gome. Kisu huwa chepesi, na mkono haupati baridi, kwa sababu pembe tupu kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri huuma vidole.

Gundi inatosha, au nigonge mwisho wa msuka?

Fanya vyote. Gundi ya epoksi ijaze nafasi zilizobaki na kuulowesha uboho. Mwisho wa mpini weka kibamba kidogo cha shaba, pitisha ncha ya msuka ibaki milimita 2 nje, kisha igonge kwa nyundo ndogo, mapigo mengi mepesi ya kuzunguka, hadi itandazike kama kichwa cha ribiti. Wakati wa kugonga bapa liwe limefungwa kwenye mbao, na makali yamefunikwa kwa utepe. Ajali za kazi hii hutokea hapo zaidi ya kwenye moto.

Nikichonga mpini uboho unatokea nje. Nimeharibu?

Sivyo. Dondoshea gundi nyepesi ya haraka, vitundu viinywe, ikauke, usugue. Rudia hadi paache kunywa. Patakuwa na doa la kahawia, na doa hilo ni la asili ya pembe. Lakini likiwa upande wa makali ambapo vidole hubana, panga kipande chako vizuri zaidi mara nyingine.

Umbo liweje?

Ukikata mpini kwa upande, uone yai: upande mwembamba uko chini, yaliko makali, ili kiganja kijue bila kuangalia makali yanaelekea wapi. Unene kama sentimita 2, urefu wa juu hadi chini sentimita 2.5 au 3, tumbo kidogo katikati, na mwisho upanuke ili kisu kisichomoke. Loweka pembe maji usiku mmoja ikiwa inakataa tupa. Anza na tupa kavu, maliza na msasa wa 120, 240, 400. Acha kipande cha ngozi ya nje yenye mikunjo pale mkono haupiti sana, maana ndiyo sura ya mnyama.

Vaa barakoa muda wote. Vumbi la pembe ni laini mno na halifai kuvutwa.

Nakshi zile nyeusi hutiwaje?

Mistari huchanjwa kwa ncha ya kisu kidogo, kina chini ya milimita moja, kisha husuguliwa masizi yaliyochanganywa na mafuta, au rangi nyekundu ya gome la oda, mti mwingine wa kaskazini. Ukifuta juu, rangi hubaki ndani ya mistari. Wasami wa kusini hupenda misuko na pembetatu za mpangilio mkali, wa kaskazini maua na mizunguko.

Mimi si Msami. Nina haki ya kutengeneza kisu cha namna hii?

Kutengeneza kisu chenye mpini wa pembe hakuna anayekuzuia. Kukiuza kwa jina la Kisami ni jambo jingine. Kazi za mikono za Wasami huitwa duodji, na zina alama yao rasmi inayoonyesha kwamba fundi ni Msami. Kwa miongo mingi maduka ya watalii yameuza viigizo huku mafundi wenyewe wakikosa mkate. Basi jifunze mbinu, taja ulikozitoa, na nakshi weka za kwenu. Milango ya Lamu na vibuyu vya Wakamba vina mistari ya kumtosha fundi maisha yake yote, na ikichanjwa kwenye mfupa inapendeza sana.

Ala inashonwaje?

Tumia ngozi iliyodabaghiwa kwa magome, unene milimita 2. Loweka kwenye maji ya vuguvugu hadi ilegee, funika kisu kwa nailoni, kizungushie ngozi, na ushone upande wa nyuma kwa msharasi na sindano mbili zinazopishana tundu moja. Ndani, kwenye sehemu ya bapa, weka ala ndogo ya mti ili makali yasikate mshono. Ngozi ipande hadi ifunike nusu ya mpini au zaidi. Kisu hushikiliwa na mbano huo tu, bila kifungo, na ukikisukuma mwisho utasikia kikikaa.

Wasami hutengeneza nusu ya chini ya ala kwa pembe, mara nyingi ikiwa imepinda mwishoni, na huacha tundu dogo kwenye ncha maji yatoke. Hata ala yako ya ngozi itoboe hapo.

Kinanolewaje?

Kila upande wa bapa una mteremko mmoja mpana unaofika hadi makali. Laza mteremko wote juu ya jiwe, usiinue. Sugua mpaka uhisi kinyweleo cha chuma upande wa pili, geuza, fanya vivyo hivyo, kisha maliza kwenye mkanda wa ngozi. Jiwe la 1000 linatosha kwa kazi nyingi.

Naweza kukivaa mjini?

Ufini kwenyewe, nyumbani kwa kisu hiki, sheria ya utulivu wa umma ya 2003 inakataza kubeba kisu hadharani bila sababu ya kazi au shughuli inayoeleweka. Msituni, ziwani au karakanani hakuna shida. Kwenye basi kiweke ndani ya begi. Ukisafiri kwa ndege kiende na mzigo wa chini, na pembe yake uitangaze forodhani.

Kinatunzwaje?

Kifute baada ya kazi, usikilaze ndani ya ala ikiwa imelowa, na usikioshe kwa mashine ya vyombo. Bapa lipake mafuta kidogo. Pembe isugue kwa nta ya nyuki au mafuta ya kitani mara chache kwa mwaka. Mkono wako utafanya mengine: pembe inayotumika kila siku hugeuka kutoka nyeupe kuwa rangi ya asali, kwanza pale kidole gumba kinapokaa.